Kulivalisha matofali ya kuchezea kasha la kompyuta kuukuu: mwongozo kamili kutoka Mwanza

Kompyuta nyingi zinazoletwa kwangu zina akili timamu na sura mbovu. Mazabodi (ule ubao mkuu wa saketi) nzima, ramu (kumbukumbu ya muda) nzima, lakini kasha limeliwa na kutu, uso wa mbele umevunjika meno, na swichi imezama ndani kiasi kwamba mwenyewe anawasha kwa ncha ya bisibisi. Wengi hufikia kuitupa. Mimi huwa naivalisha matofali ya plastiki, haya ya kuchezea watoto, na hapa naeleza kazi yote jinsi ninavyoifanya, pamoja na pale nilipoharibu.

Jambo la kwanza, na ukilikosea hili mengine yote hayatakusaidia: chuma kinabaki. Tofali ni nguo, mifupa ni bati la zamani. Anayeanza hutamani kujenga boksi zima kwa matofali na chuma akauze skrepa. Na mimi nilianza hivyo hivyo. Boksi langu la kwanza lilipendeza kweli, jekundu na njano, na lilidumu siku nne. Pawa saplai, kile kiboksi cha chuma kinachogawa umeme ndani, ilibonyeza sakafu ya plastiki mpaka ikapinda. Mbaya zaidi, kila nilipogusa skrubu ya nyuma vidole vilikuwa vinatetemeka.

Ule mtetemo una maelezo. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita, vipande vinavyoshika chaji, ndogo za kuchuja kelele za umeme, na zimeunganishwa na bati lake. Waya wa ardhi ukiwepo, kaumeme hako kanashuka ardhini bila wewe kujua. Usipokuwepo, bati zima linaelea kwenye karibu nusu ya umeme wa ukutani. Kwetu ukutani ni volti 230, kwa hiyo unashika kama 115. Mkondo wake ni mdogo sana, lakini unakera, na ukipitia kwenye waya wa USB au wa skrini unaweza kuunguza kifaa. Mimi nilikuwa nimechomeka kwa adapta ya miguu miwili, halafu nimeondoa chuma chote kilichokuwa kinashikanisha mazabodi na pawa saplai. Makosa mawili kwa mpigo. Tumia plagi ya miguu mitatu kwenye soketi yenye ardhi ya kweli, na uache kiunzi cha chuma kama kilivyo.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1996, pale Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin waliweka diski kumi za GB 4 kila moja ndani ya kasha la matofali ya kuchezea, wakati wanaijenga mashine ya kutafutia iliyokuja kuitwa Google. Lakini angalia walichofunga humo: diski. Diski haina joto na uzito wa kompyuta nzima.

Hesabu kwanza, sokoni baadaye

Usinunue hata tofali moja kabla ya kupima. Uzuri wa tofali hizi ni kwamba vipimo vyake havibadiliki. Vile vidude vya duara vinavyochomoza juu naviita nundu. Kutoka katikati ya nundu moja hadi katikati ya inayofuata ni milimita 8. Tofali la kawaida lina kimo cha milimita 9.6 bila nundu. Lile jembamba, ambalo naliita bapa, lina milimita 3.2, hivyo bapa tatu zikipandana ni tofali moja. Halafu kuna mkeka, ile sahani pana ya chini yenye nundu tupu. Ule wa nundu 32 kwa 32 una sentimita 25.6 kila upande.

Sasa chukua rula, pima kasha lako kwa milimita, kisha gawanya: mapana kwa 8, kimo kwa 9.6. Kasha la kusimama la kawaida lina upana wa kama sentimita 18 na kimo cha 42. Hapo uso wa mbele ni nundu 22 kwa mistari 43. Ukijenga kwa tofali za nundu nane (mbili kwa nne) zilizolala kwa urefu, kila mstari unakula tano na nusu, jumla kama 237. Tofali moja lina gramu 2 na ushee, kwa hiyo uso mzima haufiki kilo. Hiyo inabebeka.

Ubavu ni habari nyingine. Sentimita 45 kwa 42 ni tofali zaidi ya 600 na karibu kilo moja na nusu, zote zining'inie kwenye bati jembamba. Usijaribu. Ubavuni tutatumia mkeka na bapa tu.

Kuna bahati ya hesabu inayonifurahisha kila nikiikuta. Feni ndogo ya kompyuta ni milimita 80 kwa 80. Nundu kumi ni milimita 80 kamili. Tofali nane na bapa moja, nazo ni 80 kamili. Utadhani walikaa kikao kimoja. Feni ya milimita 120 inataka nundu 15 kwa upana, na kwa kimo tofali 12 na bapa mbili, inabaki nafasi ya milimita moja na kitu. Uso wa nyuma wa pawa saplai ya kawaida una 150 kwa 86: nundu 19, tofali tisa. Na mazabodi ya mraba ya milimita 244, ile aina ya kati inayoitwa microATX, inakaa juu ya mkeka wa nundu 32 na kubakiza nafasi ya kidole. Namba hizi ziandike ukutani kibandani kwako.

Kupata matofali

Seti mpya ya LEGO ni ghali, na huihitaji. Mimi hununua mtumba soko la Mlango Mmoja, belo za midoli zinapofunguliwa. Tofali la LEGO la mfumo wa sasa lilipewa hataza Denmark mwaka 1958, na la tangu mwaka huo bado linashikana na la leo, kwa hiyo umri usikutishe. La kwao halisi utalijua kwa kutazama juu ya nundu: kila moja imechapwa jina. Yale ya Kichina ya madukani mengi yanafuata kipimo kile kile, ila ubora unatofautiana hata ndani ya paketi moja. Jaribio langu: unganisha tofali sita ziwe fimbo, shika la mwisho, tikisa kama unakung'uta kipimajoto. Zikimwagika, waachie watoto.

"Shikamoo mama. Naomba nichague hizi za nundu nane tu."

"Marahaba mwanangu. Ukichagua unaniachia magurudumu na vichwa vya wanasesere, nitamuuzia nani? Beba fungu zima."

Nilibeba fungu zima huku nikinung'unika moyoni. Ndani yake kulikuwa na tofali ndefu zenye matundu ubavuni, ambazo nisingezichagua hata kwa bure, na hizo ndizo zinazoshika ukuta wa mbele kwenye kila kasha nililojenga tangu siku ile. Ukikutana nazo, chukua. Chukua pia yale makubwa ya watoto wadogo, DUPLO. Ni mara mbili ya tofali la kawaida kila upande na yanashikana nalo, hivyo moja la nundu nane linajaza nafasi ya manane. Uso wa mbele uliohitaji 237 unaweza kujengwa kwa kama 60, ingawa ukuta unakuwa mnene milimita 32.

Yaoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, ndani ya wavu wa vitunguu ili yasitoroke. Yasiwe maji ya moto: juu ya nyuzi 40 tofali linaweza kupinda na lisishike tena. Kisha yaanike kivulini. Dagaa wanapenda jua la mchangani, plastiki nyeupe inageuka njano.

Kuvua kasha

Chomoa waya wa umeme, halafu bonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Toa mazabodi, diski, ramu, kila kitu, weka juu ya karatasi au mbao kavu. Piga picha za nyaya kwa simu kabla ya kuchomoa hata mmoja. Pawa saplai usiifungue kamwe. Ndani kuna kapasita kubwa zinazoweza kukutupa hata baada ya kuchomoa plagi. Osha bati, piga msasa penye kutu, paka rangi, ila sehemu ambazo skrubu za mazabodi na za pawa saplai zinagusa chuma ziache bila rangi. Hapo ndipo ardhi inapopita.

Uso wa plastiki wa mbele unatoka kwa kubonyeza vijino vyake kutoka ndani. Ukitoka utaona bati la mbele lina matundu matundu vilipokuwa vijino. Usiyazibe. Yana kazi.

Ukuta wa mbele

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi, nami nitakaa kidogo. Kasha la pili nililijenga kwa gundi: tofali juu ya rangi ya bati, moja moja, siku mbili. Wiki moja baadaye ukuta mzima ulianguka mezani na ngozi ya rangi imeshikamana nyuma yake. Gundi ilishika rangi, rangi haikushika bati. Tena mvuke wa supa gluu uliacha ukungu mweupe kwenye matofali meusi. Na asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, usiisogeze kabisa: inayeyusha hii plastiki.

Sasa situmii gundi mbele. Nafunga kwa vibano vya nailoni, vile vya kufungia nyaya. Jenga ukuta ukiwa umelala mezani, upana nundu 22, unene nundu mbili. Panga kama mwashi: kiungo kisikae juu ya kiungo, kila mstari anza kwa kuhama nundu mbili. Ukifika mstari ulio sawa na matundu ya bati, weka tofali lenye matundu ubavuni, upande wa nyuma wa ukuta. Tundu lake lina kipenyo cha milimita 4.8, kibano cha milimita 3 kinapita bila shida. Nataka angalau sehemu sita: mbili juu, mbili kati, mbili chini. Ukuta ukikamilika usimamishe mbele ya bati, pitisha vibano kwenye tundu la tofali na tundu la bati, kaza kwa zamu kama unavyokaza nati za tairi, kidogo kidogo huku na kule. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho, katikati patafunguka.

Mdomo wa feni acha wazi unapojenga, kwa zile hesabu za juu. Juu ya mdomo huo panahitaji linta. Ukiwa na bapa ndefu za kuvuka nundu kumi, weka mbili zipandane. Ukikosa, panga tabaka tatu za bapa fupi zinazopishana. Zikipungua tatu zinalegea. Feni yenyewe ifunge kwenye bati, matundu yake yameachana milimita 71.5 kwa ile ya 80 na milimita 105 kwa ile ya 120. Bati lisipokuwa na matundu hayo, toboa, maadamu mazabodi haimo ndani. Vumbi la chuma ni sumu kwa mazabodi.

Nafasi ya DVD, kama bado unaitumia, ina kimo cha tofali nne na bapa moja, lakini inakaba. Mimi huongeza bapa ya pili. Siku hizi mara nyingi naziba tu.

Swichi

Swichi ya kompyuta haipitishi umeme mkubwa, inagusanisha tu pini mbili kwa nusu sekunde. Kwa hiyo kitu chochote kinachogusa na kuachia kinafaa. Ya zamani ikiwa imekufa, nunua kitufe cha kengele ya mlango, kile cha kawaida kisicho na betri. Nyaya zake mbili hazina chanya wala hasi. Zichomeke kwenye pini zilizoandikwa PWR SW au PWRBTN. Taa ndogo ndiyo yenye chanya na hasi, ukikosea haiwaki, igeuze. Kitufe kizungushie tofali nne na ukibane kwa bapa mbili nyuma.

Angalizo kwa wenye kompyuta za ofisi za Dell na HP, ambazo ndizo nyingi kwenye mtumba wetu: nyingi zina mazabodi na plagi za kipekee, swichi na taa zimekusanywa kwenye kichwa kimoja. Usikate waya. Hamisha swichi nzima na kibanio chake, ujenge kukizunguka.

Ubavu na picha

Mkeka wa nundu 32 uweke katikati ya bati la ubavu, mbali na matundu yoyote ya hewa. Weka alama sehemu sita, kila moja katikati ya nundu nne. Nafasi hapo ni milimita 6.5, kwa hiyo kichwa cha skrubu kisizidi 6. Toboa mkeka na bati pamoja kwa ncha ya milimita 3.5, drili ikienda taratibu, maana ikikimbia plastiki inayeyuka na kuziba tundu. Kaza nati kwa ndani.

Utaniuliza kichwa cha skrubu kitakaa wapi, wakati bapa inatakiwa ilale hapo juu. Tabaka la kwanza la bapa lirukie pale, acha kishimo cha nundu mbili kwa mbili. Tabaka la pili linafunika kishimo, na picha unaichora kwenye tabaka hilo. Kwa nje hakuna anayejua kuna skrubu.

Picha ichore kwanza kwenye daftari la hesabu la miraba, mraba mmoja kwa nundu moja, 32 kwa 32. Kila mtu wa hapa anataka Jiwe la Bismarck, ile miamba ya ziwani inayoitambulisha Mwanza. Mimi nilijaribu mara mbili na kwa miraba 32 linatoka kama viazi vilivyopangwa sokoni. Sato anatoka vizuri zaidi: mwili kijivu, pezi la juu lenye miiba, jicho moja jeusi, ziwa la buluu nyuma yake. Mtoto wa dada yangu, wa darasa la tatu, alimtambua kabla sijamaliza mkia.

Kujaribu

Kabla ya kuvalisha, ulipaswa kuwa umepima joto la prosesa, ubongo wa kompyuta. Kama hukupima, basi sasa hivi utakuwa huna cha kulinganisha, na ndiyo maana nasema soma mwongozo wote hadi mwisho kabla ya kuanza. Washa, cheza filamu au mchezo saa nzima, angalia namba kwenye BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguka kompyuta inapoanza kuwaka) au kwa programu ya kupimia. Chini ya nyuzi 80 kazi ikiwa nzito ni salama. Ikiwa imepanda zaidi ya nyuzi tano kuliko ilivyokuwa uchi, hewa haitoshi: toa tofali moja moja kwenye mistari ya chini ya mbele, tofali moja ndani, moja nje, mpaka upate matundu yanayolingana kwa jumla na mdomo wa feni moja. Mara nyingi matundu hayo yanapendeza kuliko ukuta mzima.

Vijidudu vya ziwani

Haya hutayakuta kwenye maelezo ya Ulaya. Anayekaa Kirumba, Igogo au popote karibu na maji anawajua wale vijidudu wanaoinuka ziwani kama moshi. Hutoka kwa wingi mwezi unapoandama, na usiku hufuata taa. Mteja wangu mmoja aliniomba taa za rangi ndani ya kasha, zionekane kupitia matofali ya kupitisha mwanga. Nikaweka. Wiki tatu baadaye alirudi akisema kompyuta inazima yenyewe. Nilipofungua, kipozaji cha prosesa kilikuwa kimejaa unga wa kijivu wa mbawa, feni inazunguka lakini hewa haipiti hata chembe. Taa iliwaita, feni ikawavuta.

Kwa hiyo aliye karibu na ziwa simwekei taa ndani. Mdomo wa feni nauwekea wavu wa mbu wa dirishani, kipande cha nundu 14 kwa tofali 11 kwa feni ya 80, na nakiweka nje ya ukuta, kimebanwa na fremu ya bapa inayong'olewa kwa kucha. Ukiuweka ndani hutausafisha, najua, hata mimi singeusafisha. Mwezi ukiandama, asubuhi mbili tatu zinazofuata ng'oa fremu, toka nayo uani, ikung'ute chini. Kuku watamaliza kazi iliyobaki.